Hakimu Anavyosimama

4 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Baba anakusalimu. Anasema kifua kimepoa na saruji imepanda bei, kwa hiyo yuko kama ulivyomwacha.

Nimemaliza shule. Mtihani wa mwisho ulikuwa Ijumaa, na Jumatatu nilikuwa bandani na fagio mkononi. Mwenye banda amenichukua nifagie na kulisha farasi, kazi ile ile uliyoanzia wewe. Mtunza farasi mkuu ni yule yule, bado anaongea na farasi kuliko anavyoongea na mkewe, na anasema mkewe ndivyo anavyopenda.

Miaka miwili iliyopita, uliposafiri kwenda kwenye kazi yako mpya huko, ulisema, "Maliza shule, nikuite." Sanduku lako la bati nimelipiga msasa nikalipaka rangi. Nimeweka ndani nguo nne, daftari tatu na ile brashi yako ya manyoya ya shingo. Kila asubuhi nikiamka naliangalia. Sitaki kukuharakisha. Nataka tu ujue kwamba niko tayari, hata iwe kesho.

Jambo jingine ni Hakimu. Unamkumbuka, yule wa kijivu anayesimama ameinamisha kichwa kama anasikiliza kesi ya mirathi? Siku hizi anajikwaa. Wiki iliyopita alipiga magoti akiwa na mtoto mgongoni. Mtoto hakuumia, lakini mama yake alipiga kelele hadi njiwa wakahama paa. Mwenye banda amesema ikifika mwisho wa mwezi wa sita bado anajikwaa, atauzwa kwa watu wa mikokoteni. Wewe ungemwangalia mara moja ukasema kasoro iko wapi. Mimi namwangalia siku nzima naona farasi tu.

Nimeweka picha mbili alizopiga mpiga picha wa mtaani. Moja ni ya Hakimu peke yake. Nyingine niko naye, nimevaa gauni la buluu la marehemu Mama. Sasa linanitosha.

Je, huko una farasi wangapi?

Ni mimi,
Kobe wako


15 Februari

Kobe,

Marahaba. Huu si mwandiko wangu. Farasi alinibana kidole mlangoni, basi namtamkia jirani yangu mshonaji naye anaandika. Ana mwandiko mzuri na masikio marefu. (Hilo nimeliandika kwa sababu ameniamuru niandike kila neno. Mshonaji.)

Hongera kwa shule. Kuhusu kukuita, bado. Usininunie. Sikusema hapana, nimesema bado.

Kazi yangu si ya kumpaka farasi mafuta na kumbembeleza. Ni kujua anasimamaje, kwa nini anasimama hivyo, na kumsaidia asimame bila kujiumiza. Wanaoijua ni wachache kwa sababu wengi wana haraka ya kugusa kabla ya kuona. Basi mchukue Hakimu. Tutamnyoosha kwa barua, mimi na wewe. Siku utakaponithibitishia kwamba unaona, nitakuita.

Picha zimefika. Usitume nyingine. Picha humfanya mtu mvivu, akadhani karatasi imeona kwa niaba yake. Niandikie kwa maneno. Mtoe asubuhi kabla hajafanya kazi, mpeleke kwenye uwanja wa saruji palipo sawa. Mtembeze hatua kumi, simama, legeza kamba. Usimpange miguu. Hesabu hadi mia mbili ukiwa kimya, na kwa ukimya huna mpinzani. Halafu uandike anavyosimama, kuanzia kwato hadi masikio. Usiniambie unachofikiri. Niambie ulichoona.

Shangazi

Mshonaji naongeza: gauni limekukaa vizuri, mwanangu. Ila bega la kulia mshono unavuta. Ukija nitaulegeza.


24 Februari

Shangazi,

Pole kwa kidole. Kifunge, usifanye ubishi.

Nimefanya ulivyosema. Hakimu ana huzuni. Anaonekana amechoka na maisha na hana imani na mtu yeyote. Nilipolegeza kamba hakunitazama. Nadhani anajua kwamba wanataka kumuuza.

Miguu yake ya mbele imerudi nyuma chini ya kifua, na ya nyuma imekuja mbele chini ya tumbo, kama mbuzi aliyesimama juu ya jiwe dogo. Shingo ni nene lakini si nzuri. Mgongo hauko sawa. Masikio yanakwenda kila upande. Nilipofika mia mbili alikuwa amebadilisha mguu wa nyuma wa kulia mara tano.

Mtunza farasi mkuu alinikuta nahesabu akaniuliza kama farasi amekopa. Unajua mtu akiniuliza ghafla maneno hunikimbia. Nilihisi shingo yangu inaingia ndani ya mabega kama zamani, nikasema, "Naangalia tu." Akasema, "Basi ukimaliza kuangalia, mavi yako kule."

Hukuniambia una farasi wangapi. Wala hukusema kitu kuhusu picha yetu ya pili. Si lazima.

Kobe


6 Machi

Kobe,

"Ana huzuni" si mkao. "Amechoka na maisha" si mkao. Hata mimi nimechoka na maisha, lakini hilo halikuambii mguu wangu uko wapi. "Shingo nene lakini si nzuri" ni maneno ya mama mkwe.

Ila mbuzi juu ya jiwe dogo, hapo uliona. Nilimwambia mshonaji asome mara mbili. Na zile mara tano za mguu wa nyuma, vizuri sana. Ulipoacha kumhurumia ndipo ulipomwona.

Sasa rudi. Mwombe baba yako timazi yake, ile ya kunyooshea kuta. Uning'inize uzi kutoka katikati ya mguu wa mbele, juu kabisa unapoungana na mwili, uniambie unaanguka wapi chini. Shingo ni nene juu au chini? Mbele ya kile kinundu cha mabega, pale shingo inapoishia na mgongo kuanza, pamejaa au pana shimo? Ncha za kwato za mbele ni fupi au zimerefuka? Anapokula kichwa kiko juu au chini?

Na ingia chumbani mwake. Mwaga ndoo moja ya maji sakafuni, uniambie yanakimbilia wapi.

Kuhusu shingo yako kuingia mabegani, tutaizungumza siku nyingine.

Shangazi

Mshonaji: Mimi sijawahi kumwona farasi huyo lakini jana nimemwota. Alikuwa anataka suruali.


15 Machi

Shangazi,

Nilipomwomba Baba timazi akauliza, "Sasa unajenga farasi?" Lakini Jumapili alikuja bandani mwenyewe, na kofia yake ya vumbi, akashika uzi. Alipima miguu yote minne. Halafu akasema, "Ukuta huu ningeubomoa."

Uzi ulianguka mbele ya ukwato, upana wa vidole vinne. Baba anasema ulitakiwa upasue mguu katikati hadi kifundoni. Shingo ni nene upande wa chini. Juu ni nyembamba kama ubao. Mbele ya kinundu cha mabega pana shimo, ngumi yangu inaingia. Ncha za kwato za mbele ni ndefu, zimetangulia kama viatu vya kuazima.

Anakula kutoka kwenye kikapu cha chuma kilichopigiliwa ukutani, juu kuliko kichwa changu. Lazima anyanyue shingo na kuubinua mgongo kila anapovuta nyasi. Anakula hivyo tangu alipoletwa, miaka sita.

Na maji, Shangazi. Nilimwaga ndoo moja. Hayakusimama hata kidogo. Yalikimbia yote kuelekea nyuma, kwenye mfereji wa kona. Baba aliweka pimamaji sakafuni akapiga mluzi. Hakimu analala na kusimama kilimani miaka sita, na sisi tunamtoa asubuhi kwenye saruji iliyo sawa tunasema amepinda.

Nilikaa pale sakafuni, maji yakalowesha sketi. Kwa mara ya kwanza nilihisi nimeona kitu ambacho mtu mwingine hajaona. Nilitaka kukimbia nikuambie. Nikakumbuka kwamba ni wiki nzima ya posta.

Ningependa ungekuwepo. Ni hilo tu.

Kobe


23 Machi

Kobe,

Mpe baba yako salamu. Mwambie dada yake amecheka peke yake kama mwehu.

Wewe ndiye uliyeiona ile sakafu. Mimi nilikuuliza tu.

Fanya hivi. Kwanza, ahamishwe chumba. Usimwombe mwenye banda kwa kunong'ona. Mwagia maji mbele yake, yatamwambia. Pili, nyasi zake zote ziwekwe chini, ale ameinamisha shingo kama alivyoumbwa. Tatu, fundi kwato apunguze zile ncha kidogo, na arudi kila baada ya wiki tatu kupunguza tena. Si siku moja; ukwato si ukucha wa bibi harusi. Nne, asipandwe wiki sita.

Wewe mtembeze kila siku dakika ishirini. Laza magogo manne membamba chini, apite juu yake polepole akitazama anapokanyaga. Mfundishe kurudi nyuma hatua moja, moja tu, halafu apumzike. Msugue chini ya tumbo kwa ncha za vidole hadi uone mgongo unapanda. Na kila Jumamosi asubuhi, hesabu mia mbili uandike.

Usitegemee muujiza. Mwili husahau polepole, na kilichojengwa miaka sita hakibomolewi kwa Jumamosi mbili.

Shangazi


20 Aprili

Shangazi,

Nina habari njema kuliko zote. Hakimu amenyooka. Jumamosi hii nilimsimamisha uwanjani, miguu minne imeshuka kama ya meza. Uzi ulipasua mguu wa mbele katikati kabisa hadi kifundoni. Shingo imelala vizuri. Kila mtu ameona. Mwenye banda mwenyewe alisimama mlangoni akasema, "Hee."

Najua ulisema nisitume picha, lakini hii naomba uiangalie, mara moja tu.

Shangazi, mwezi wa nne unakwisha. Basi huondoka hapa kila Jumatano na Jumamosi. Nimeuliza. Je, sasa unaweza kuniita?

Kobe wako


29 Aprili

Kobe,

Umempanga.

Hata katika zile barua fupi za kila Jumamosi uliniambia alichofanya ulipofika mia mbili. Mara tano mguu wa nyuma. Mara nne. Barua iliyotangulia hii ukasema mara tatu na akapumua. Katika hii hakuna mia mbili. Hakuna kwato, hakuna masikio. Kuna meza. Farasi wa miaka sita kilimani hawi meza kwa wiki tatu.

Sina la kukuambia zaidi leo.

Shangazi

Mshonaji: Mwanangu, usilie sana. Alitamka barua hii akiwa amesimama, na alipomaliza akaketi kwenye pini zangu. Hakuona. Yaani, hakuangalia. Tutaandika tena.


8 Mei

Shangazi,

Ni kweli. Nilimpanga.

Nilimwinua mguu mmoja mmoja nikauweka, kama mtu anayepanga viti kabla wageni hawajafika. Mpiga picha alikuwa amesimama anasubiri. Hakimu aliniachia nifanye, alisimama kwa hisani tu. Nilihesabu hadi kumi na nane, basi akarudisha miguu ya mbele nyuma chini ya kifua, akashusha pumzi. Nilimwona. Nikaenda nyumbani nikakuandikia kwamba amenyooka.

Sikufanya hivyo kwa ajili yake. Nilitaka uniite.

Ukweli wa Jumamosi iliyopita ni huu. Uzi unaanguka vidole vitatu mbele ya ukwato, zamani vilikuwa vinne. Ngumi yangu bado inaingia kwenye lile shimo lakini inabanwa kidogo. Hadi mia mbili, mguu wa nyuma wa kulia mara mbili. Kwenye magogo hajagonga hata moja tangu Jumanne. Sikio la kushoto lilinifuata nilipozunguka nyuma. Ndiyo yote.

Sasa naomba nami niulize kitu, na usikasirike. Nimekutumia picha tatu. Katika mbili nipo mimi. Ya mwezi wa pili nilisimama nimevaa gauni la Mama, na nilikaa wiki nzima nikiwaza utasema nini. Kwamba nimerefuka, au nafanana naye. Hukusema kitu. Mshonaji, ambaye hanijui, ndiye aliyesema gauni limenikaa. Una farasi wangapi huko? Nimekuuliza mara mbili. Je, kazi yako mpya imekujaza hadi hakuna nafasi? Kama hutaki nije, niambie. Nitaelewa. Sanduku nitalirudisha uvunguni.

Kobe


17 Mei

Mwanangu,

Barua hii hakuna aliyenitamkia. Ni mimi mwenyewe, mshonaji, na shangazi yako hajui. Akijua atanikata ulimi kwa mkasi wangu.

Kidole chake ni kizima. Macho ndiyo yameondoka. Alikuja huku kwa sababu daktari wa macho yuko huku. Kazi aliipata kweli, akaifanya miezi minane, hadi siku alipomfunga farasi tandiko juu ya kamba iliyonasa asiione, akapigwa teke la paja. Hana farasi hata mmoja. Sasa anaona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu. Daktari amesema hata hivyo vitakwenda.

Nilipomsomea barua yako ya mwisho alitoka nje akakaa kwenye ngazi hadi jua likazama. Akanikataza kujibu. Mimi si mtoto wa kukatazwa, nina wajukuu.

Nataka ujue anavyozipokea barua zako. Nikisoma, anasimama katikati ya chumba changu cha ushonaji, kati ya vitambaa, anaweka mikono hewani. Hapa kwato, hapa goti, hapa kinundu cha mabega. Anampima Hakimu kwa urefu wa maneno yako. Ukisema vidole vinne, anaweka vidole vinne. Wateja wangu wamezoea. Mmoja aliuliza kama ni mganga. Siku ya ile meza yako, mikono yake haikujua pa kwenda. Ndivyo alivyojua.

Picha yako ya gauni ilipofika aliishika muda mrefu, akaipitishia kidole kama inaweza kumwambia kitu. Akaniuliza, "Amesimamaje?" Nikamwambia, "Mrembo." Akanirudishia picha. Nadhani nilijibu vibaya.

Ichome barua hii au uitunze, lakini usinitaje.

Mshonaji


26 Mei

Shangazi,

Jana nilimuuliza Baba kuhusu macho yako. Alikuwa anakoroga saruji. Hakuacha kukoroga, ila alikoroga kitu ambacho tayari kilikuwa kimekorogeka. Halafu akasema, "Alinikataza. Unamjua dada yangu akikataza." Basi usimlaumu mtu mwingine.

Sijui niandike nini. Nimefuta ukurasa mara tatu. Wewe ulinifundisha niseme nilichoona, na wewe mwenyewe ukajificha nyuma ya kidole. Nilikasirika kwa muda wa kulisha farasi wanne. Kwa wa tano nilikuwa nalia, na akanifuta pua kwa nyasi zake.

Jumamosi: vidole viwili na nusu. Mguu wa nyuma mara moja, alipofika mia na arobaini. Mbele ya kinundu cha mabega, ngumi haiingii tena, inaketi juu. Fundi kwato alikuja mara ya tatu. Akasema amekata kwato miaka ishirini na hajawahi kuulizwa maswali mengi hivyo na mtu asiyemtazama usoni. Mwenye banda amempandisha binti yake mdogo juu ya Hakimu, wakatembea mzunguko mmoja. Hakujikwaa. Sikumpanga. Sitampanga tena hata afike mwenye dunia.

Bado nataka kuja. Si kwa sababu ya macho yako. Sanduku lilikuwa tayari kabla sijajua.

Kisalimie kidole.

Kobe wako


5 Juni

Kobe,

Baba yako ana mdomo mpana kuliko mwiko wake. Na mshonaji asijifanye anaandika tu hapa, najua naye amesema, kwa sababu wiki nzima ananipakulia kama mzazi aliyetoka kujifungua.

Sikukulea ili uje kuwa fimbo yangu. Andika hivyo hivyo, mshonaji. Mama yako alipotutoka ulikuwa na miaka mitano, ulikuwa unashika ncha ya kanzu yangu hadi chooni. Niliapa huyu atasimama kwa miguu yake. Ukija huku kunishika mkono kuvuka barabara, kesho utakuwa unanipikia, keshokutwa unasema farasi baadaye, na baadaye haiji. Ndiyo maana nilisema bado. Nilitaka kwanza kazi ikae mwilini mwako, ili siku utakaponichoka uwe nayo.

Na niliogopa. Andika na hilo. Wewe kichwani mwangu una miaka kumi na sita na soksi moja imeshuka. Niliogopa utasimama mbele yangu mwanamke mzima, na mimi nitaendelea kumwona yule wa soksi hadi nife.

Sitaki kukupapasa uso kama mtu anayechagua parachichi sokoni. Na huyu mshonaji nilimuuliza umesimamaje akaniambia mrembo. Urembo si mkao.

Basi fanya kazi moja ya mwisho. Asubuhi, kabla hujafanya kitu, nenda kwenye saruji ile ile. Tembea hatua kumi, simama, jilegeze. Usijipange. Hesabu hadi mia mbili. Halafu niandikie, kutoka nyayo hadi kichwa, ili nikuone.

Ukiona mwili wako unataka kubaki na Hakimu, baki. Sitanuna. Kama sivyo, mshonaji ana godoro la ziada, na mtaa wa pili kuna banda la farasi kumi na mmoja wanaosimama vibaya. Lakini nataka ukweli kama ulioniandikia Jumamosi ile, si kama wa meza.

Shangazi

Mshonaji: Godoro nimelianika.


14 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Hakimu kwanza, maana najua utauliza. Mwenye banda amemrudisha yule mtu wa mikokoteni na kamba yake mkononi. Hakimu atabaki, atabeba watoto wadogo kwa mwendo wa taratibu. Mtunza farasi mkuu anamhesabia mia mbili mwenyewe sasa. Anasema ni muda pekee wa siku ambao hakuna anayemwita.

Leo asubuhi nilikwenda kwenye saruji kabla watu hawajafika. Nilivua viatu. Nilitembea hatua kumi nikasimama, nikajilegeza, nikahesabu. Niliona aibu ingawa hapakuwa na mtu ila farasi, na hao walikuwa wanakula. Baada ya kila mara nilikimbia ukutani nikaandika, kisha nikarudi tena. Kwa hiyo haya ni ya mara tatu.

Nyayo zangu ni pana kuliko za Mama. Viatu vyake havikunifaa. Uzito wangu uko mguu wa kushoto zaidi. Goti la kulia limelegea. Nina kovu chini yake, la seng'enge, hulijui, ni la mwaka jana. Kiuno kimeelekea kushoto kidogo, nadhani kwa sababu ya kubeba ndoo. Mikono inaning'inia, viganja vimetazama nyuma, na kidole gumba cha kulia kinasugua cha shahada bila mimi kukiambia. Viganja vina sugu nne kila kimoja.

Nimerefuka. Baba alinipima ukutani kwa pimamaji: namfikia nyusi. Wewe ulikuwa unamfikia pua, kwa hiyo nimekupita upana wa vidole vitatu. Weka vidole vitatu juu ya kichwa chako.

Bega la kulia liko juu kuliko la kushoto, mshonaji alikuwa sahihi. Yote mawili yamekuja mbele, na hadi hamsini shingo ilikuwa imeingia ndani. Kufikia mia ilianza kutoka. Sikuitoa mimi. Kufikia mia na themanini kidevu kilikuwa sawa na ardhi na nilikuwa naona paa la duka la ng'ambo, ambalo sijawahi kuliangalia nikiwa nimesimama hapo. Nywele nimezisuka nyuma, mistari minane. Mdomo umefungwa lakini meno hayajagusana. Sijui nafanana na nani. Hilo si mkao, nimeliandika tu.

Nimeacha upande zinakotazama nyayo hadi mwisho, ingawa ulisema nianze nazo, kwa sababu nilitaka kuhakikisha kwanza. Nilipotembea hatua kumi nilikuwa nimeelekea bandani, nikasimama nikitazama mlango wa Hakimu. Nilipofika mia mbili na kuangalia chini, vidole vya miguu yote miwili vilikuwa vimegeukia lango, kwenye barabara inayopita basi. Nilidhani ni bahati. Mara ya pili nilivirudisha kwa mikono, vikatazama banda kabisa, kisha nikahesabu bila kuangalia chini. Vilikuwa vimegeuka tena. Mara ya tatu sikuvigusa.

Basi la Jumamosi linafika huko saa tisa alasiri.

Mwanao